Kona Zilizokunjwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba watu wengi kuliko majani ya msitu wa Magamba na hajawahi kumchanganya mmoja na mwingine. Anamjua babu na anamjua mjukuu, hata kama wote wawili wanaitika kwa jina moja. Namshukuru kwa afya, kwa mke, kwa macho ambayo bado yanasoma herufi ndogo, na kwa kunifikisha kwenye kustaafu bila roho ya mtu shingoni mwangu. Hilo la mwisho lilikaribia sana kuwa vinginevyo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ninyi mnaobaki masijala mliniomba niwaandikie habari za kazi. Nadhani mlitaka nieleze namna ya kutunza mafaili. Nitaeleza, lakini kwa njia yangu.

Nilianza kazi hospitalini nikiwa kijana, nimeshuka kutoka Mlola juu ya lori la kabichi, na nguo zangu za heshima zikiwa ndani ya mfuko ili zisichafuke. Mkuu wa masijala alikuwa Mzee Yohana, Mlutheri mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye kila asubuhi alisali akiwa amesimama kabla ya kufungua dirisha. Siku ile ya kwanza hakunipa kiti. Alisema kiti kinampa mtu usingizi na usingizi unapoteza kadi. Nilisimama hadi adhuhuri. Nilipoomba ruhusa ya kuswali alinionyesha kona safi nyuma ya rafu, akanihamishia ndoo ya maji, na tangu siku hiyo kona ile ikawa yangu kwa miaka yote.

Kadi zilipangwa kwa vijiji: Vuga, Soni, Mlalo, Bumbuli, na kuendelea. Ndani ya kijiji zilipangwa kwa majina. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, na anayetoka mbali anahitaji kuelezwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hoza akimzaa Singano, basi Singano naye akipata mwana atamwita Hoza. Kwa hiyo babu ni Hoza Singano, na mjukuu ni Hoza Singano, na wote wanaishi kijiji kimoja, mara nyingine wanatumia kitanda kimoja.

Na kuna jambo la pili. Mke wa nyumba ile hatamki jina la baba mkwe wake. Ni heshima, na mabinti zetu wanaifuata tangu zamani. Sasa mama anafika dirishani na mtoto mgonjwa mgongoni, anaulizwa jina la mtoto, ananyamaza. Si kiburi wala ujinga. Mtoto ana jina la mkwe.

Mzee Yohana hakuuliza mara ya pili. Aliinua macho, akaangalia foleni na kusema, "Nani amsaidie mama huyu?" Jirani yake wa nyuma angetaja jina, mama angeitikia kwa kichwa, na kazi ingeendelea. Kisha Mzee Yohana alivuta kadi mbili zenye jina moja, na bila kuzisoma akairudisha moja kwenye rafu. Siku ile niliona hivyo mara nne au tano, nikashangaa sana. Nikamwuliza anajuaje. Alinishika mkono, akaweka kidole gumba changu kwenye ncha ya juu ya kadi. Ilikuwa imekunjwa kidogo, kama sikio la mbuzi.

"Iliyokunjwa ni ya mjukuu," alisema. "Babu hana haja ya kukunjwa, maisha yameshamkunja."

Tangu siku hiyo nilikunja kona za kadi za wajukuu. Nilikunja kwa miaka mingi, hata mkono ukawa unafanya wenyewe nikiwa nazungumza na mtu mambo mengine. Shikeni hilo, maana ndilo lililotaka kutuua.

Mzee Yohana alistaafu, akaenda kulima maboga ya squash na matunda damu karibu na Kifungilo, nami nikashika nafasi yake. Zilikuwa zimeshaingia enzi za ruksa. Ninyi hamwezi kujua mshangao wetu. Watu waliowahi kupanga foleni kwa kipande cha sabuni sasa waliona maduka ya Lushoto yamejaa sabuni za rangi tano, mitumba imetandikwa hadi barabarani, na redio zinauzwa kwa mtu yeyote. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa. Na katika wimbi hilo, shirika moja la wafadhili likatuletea kompyuta. Ilifika ndani ya gari la hospitali, imefungwa blanketi la wodini kama mgonjwa wa baridi.

Pamoja nayo alikuja mwalimu, binti wa Kipare kutoka Same aliyeitwa Neema. Alikuwa na umri wa binti yangu mkubwa. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akishaketi aliniita mgosi, kama watu wa nje wanavyopenda kuwaita wanaume wa Kisambaa, na kunitania kwamba Wasambaa wakipewa kompyuta wataifukia na kuitia mbolea waone kama itaota. Nilimwambia Mpare angeipeleka kwanza mahakamani, maana Wapare wanasifika kwa kesi.

Wiki mbili za mwanzo alinifundisha programu ya zamani, ile ya kioo cheusi, ambayo ulipaswa kuandika amri neno kwa neno. Nikikosea nukta moja, inakaa kimya. Nilihifadhi amri zile kama nilivyohifadhi sura za kwanza chuoni, kwa kuimba. Nilipoanza kuzizoea, Neema akaleta disketi nyingi zilizofungwa kwa mpira na kusema sasa tunahamia nyingine, ya kuchora.

Sijasahau asubuhi ile. Alifungua ukurasa mtupu wa kijivu. Pembeni kulikuwa na visanduku vidogo vimepangwa kama vyombo kabatini: cha kuandikia, cha kuchagulia, kitufe cha kubonyeza. Alishika mausi, akavuta kisanduku kimoja, akakiacha katikati ya ukurasa. Kikakaa. Akaandika juu yake neno "Jina". Kisha akabonyeza mahali fulani, na ukurasa ule ukawa fomu inayofanya kazi. Nilimwuliza amri ziko wapi. Alisema amri zinajiandika zenyewe huko nyuma. Nilikuwa mtu mzima, nimezika wazazi wote wawili, na nilikuwa sijawahi kuona kitu kinachoandika chenyewe.

Akanipa mausi. Nilivuta kisanduku cha kijiji, kikaenda mbali. Nikakirudisha. Jioni nilikuwa nimejenga fomu nzima. Kesho yake alinionyesha majedwali: moja la wagonjwa, jingine la mahudhurio, na namna ya kuvuta mstari kutoka jedwali hadi jedwali ili kila hudhurio lijue ni la mgonjwa gani. Mstari ule ulionekana kabisa kwenye kioo, kama kamba ya kuanikia. Nilimsifu Mungu kimoyomoyo. Nilifikiri kuwa kazi ya masijala imekwisha tabu.

Kabla ya kunakili kadi, Neema alikaa mbele yangu na daftari. "Mgosi, nitajie kila kitu kilicho kwenye kadi. Usiache hata kimoja. Kisichoingia hapa, mashine haitakijua milele."

Nikachukua kadi na kumsomea. Namba. Jina. Jina la baba. Kijiji. Mwaka wa kuzaliwa, ambao tuliruhusu uachwe wazi kwa sababu wazee wetu hawaujui. Tahadhari, ambazo sisi tuliziandika kwa wino mwekundu, na yeye akaahidi kuzitoa kwa herufi nyekundu.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote," nilisema. Na wakati nasema hivyo, kidole gumba changu kilikuwa kimelala juu ya kona iliyokunjwa.

Sikumdanganya. Nilisoma kilichoandikwa. Ile kona haikuwa maandishi, ilikuwa tabia ya mkono wangu, na sikujua kwamba mkono wangu una elimu ambayo kichwa hakina.

Watu wawili walinakili kadi kwa miezi kadhaa. Marundo ya kadi yalikuwa yakiteleza na kuanguka kwa sababu ya zile kona, basi nikawaagiza wazinyooshe kwa kiganja kabla ya kuzipanga. Amri hiyo niliitoa mimi.

Tulipomaliza, Neema alinionyesha kifaa kingine cha ajabu. Programu yenyewe ilikuuliza maswali machache, ukajibu kwa kubofya, nayo ikatafuta majina yaliyojirudia na kuyaondoa. Nilijua yapo, maana wale wawili waliokuwa wakinakili, walipopokezana zamu ya chakula cha mchana, walikuwa wanarudia kadi zilezile. Neema alikuwa anaondoka kwenda kufundisha hospitali nyingine. Alisema, "Mgosi, angalia orodha yote kabla ya kufuta." Niliangalia ukurasa wa kwanza. Jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja, na kweli zote zilikuwa zimenakiliwa mara mbili. Ukurasa wa pili nikautupia jicho. Nyingine sikuziangalia. Nikabonyeza ndiyo kwa zote. Mashine ilibakiza ya kwanza katika kila jozi na kufuta ya pili. Na kwenye rafu zetu, kwa adabu ya Mzee Yohana, kadi ya babu siku zote ilitangulia.

Kadi za karatasi tuliziweka kwenye magunia stoo.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, njia ya Vuga imejaa utelezi, na watu walifika wamechelewa. Mama mmoja kijana alisimama dirishani na mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, ana homa na mguu umevimba kwa kidonda. Nikauliza jina la mtoto. Akainamisha macho. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikainua uso kwenye foleni, na mwanamke wa nyuma akasema, "Hoza Singano, wa Vuga." Niliandika. Likatokea jina moja. Zamani zingekuja kadi mbili na ningelazimika kuchagua. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi. Printa ikatoa karatasi, sehemu ya tahadhari ikiwa tupu, nikampa.

Haikupita nusu saa, kukasikika sauti wodini. Ilikuwa ya mwanamke anaita jina, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hoza. Hoza. Hoza." Wanawake wa Vuga waliokuwa pale walishika midomo, kwa sababu waliijua sauti, na walijua sauti ile haikupaswa kutamka jina lile. Mimi nilisimama. Sikujua bado kosa ni nini, lakini nilijua limetoka dirishani kwangu.

Muuguzi Veronika, mwanamke mkali ambaye sisi wote tulimwogopa, alitokea mlangoni akiwa na ile karatasi. Hakupandisha sauti.

"Tumempiga penisilini, kumbe huyu mtoto aliwahi kuzimia kwa dawa hiyo akiwa mdogo. Mama yake anasema mliandika kwa wino mwekundu. Uko wapi huo wino?"

Nilikimbilia stoo. Nilipasua gunia la Vuga, nikamwaga kadi sakafuni, nikapiga magoti. Nilizipata zote mbili. Ya babu ilikuwa safi. Ya mjukuu ilikuwa na mstari mwekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kwenye ncha palikuwa na alama ya mkunjo ulionyooshwa, kama kovu. Ninyi mnaonijua mnajua kuwa silii ovyo. Nililia pale juu ya magunia.

Veronika alikuwa ameshampiga mtoto sindano ya pili, ya kuokoa, na daktari alikuwa juu yake. Mchana kutwa hatukujua kama atapona. Niliswali adhuhuri kwenye kona yangu na sikukumbuka nimesoma nini. Alasiri mtoto alifungua macho akaomba uji. Kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu kila siku, na nitamshukuru hata mkinichoka.

Nilikwenda kwa mama yake kumweleza. Nilimwambia kuwa ni mimi niliyemfuta mtoto kwenye mashine. Alinisikiliza ameshika kikombe. Kisha akasema kwa upole, "Baba, nilitaka kumwambia muuguzi kwamba huyu huandikiwa wino mwekundu. Akaniambia hapa hakuna kitu. Nikasema moyoni, kompyuta itakuwa inajua kuliko mimi."

Nimesikia maneno makali kazini, mengine nilistahili. Hakuna lililonichoma kama hilo la upole.

Siku ile ile nilizima mashine, na Mganga Mfawidhi akakubali turudi kwenye karatasi mpaka kila jina lirudi mahali pake. Lakini kona zilikuwa zimenyooshwa. Gunia baada ya gunia, alama nyingi hazikuonekana tena, na sikuweza kujua kwa macho nani babu, nani mjukuu. Nikapanda hadi karibu na Kifungilo kumwita Mzee Yohana. Alikuwa ameanza kupofuka, mtoto wa jicho amefunika pande zote mbili. Niliona aibu kumwomba mtu asiyeona aje asome. Alikuja, akaketi, safari hii kwenye kiti, nikampa jozi ya kwanza. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha moja, kisha ya pili.

"Huyu mjukuu," alisema. "Huyu babu."

Aliendelea hivyo kwa siku nyingi, sisi tukiandika. Mkunjo uliofutika machoni haukufutika kwenye kidole chake. Mara moja tu alitania: "Mashine yenu ina kioo kikubwa, lakini haina kidole gumba."

Wakati huo babu mwenyewe, Mzee Hoza, aliteremka kutoka Vuga. Nilijua amesikia kwamba mkwewe amemtaja hadharani, na niliogopa atakuja na hasira juu ya binti yule wakati kosa lilikuwa langu. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia asimhesabie kosa mke wa mwanawe. Alinikatisha.

"Anayemvuta mtoto kutoka kaburini hamkosei mkwe. Aliita jina langu, nami nilikuwa nimeshamwazima mjukuu. Alimwita mwenye jina." Halafu akasogea kwenye kompyuta, ikiwa imezimwa. "Ndani ya hiki mimi na yeye tulikuwa mtu mmoja?"

"Ndiyo, tate," nilisema, kama tunavyomwita baba kwetu.

Alikiangalia kioo. "Basi mimi nikiondoka duniani, usinifute. Nitenge."

Neema alirudi nilipomwandikia barua. Hakunicheka. Alikaa nami na daftari upya, akaniambia safari hii nisimsomee kadi, nifanye kazi huku yeye akiangalia mikono yangu. Tukaongeza kisanduku cha jina la mama. Tukaongeza kingine, "Amerithi jina la", na nikamwuliza mstari wake tuuvute kwenda jedwali gani. Akavuta mstari kutoka jedwali la wagonjwa, akauzungusha, akaurudisha kwenye jedwali lile lile. Nilipigwa na butwaa kama siku ya kisanduku cha kwanza. Mtu anamwelekea mtu ndani ya nyumba yao wenyewe. Alisema aliwahi kujifunza hilo darasani na hakujua linatumika wapi. Nilimwambia linatumika Vuga.

Mwisho nilimwomba jambo la kipuuzi. Nilitaka pembe ya juu ya fomu ijikunje yenyewe kila anapotokea mtu mwenye jina la kurithi. Alichora pembetatu ndogo, akaiambia lini ionekane. Mzee Yohana alipoletwa mbele ya kioo hakuiona, basi nikamshika kidole gumba nikakiweka pale. Kioo ni laini, hakuna mkunjo. Alitabasamu hata hivyo.

Miaka ilipita. Programu ile ikahamishiwa kwenye kurasa za mtandao, wodi zote zikawa zinaona majina kwa wakati mmoja, na vijana wakachora kurasa kwa kuvuta visanduku kama nilivyofanya, ila kwa haraka mara kumi. Mmoja wao aliondoa pembetatu akidhani ni pambo. Nilimtuma stoo akapapase kadi kwa siku nzima. Aliirudisha mwenyewe.

Mzee Hoza alifariki kwa amani, na sikumfuta.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mwanamke kijana na mtoto mchanga. Dirishani alikuwa mwenzenu, yule binti mpya. Akauliza jina la mtoto, mama akainamisha macho. Nilikuwa nyuma nikifunga vitu vyangu kwenye boksi, nikasimama kuangalia. Binti hakuuliza mara ya pili. Akatafuta kwa kijiji na kwa jina la mama, pembe ya ukurasa ikajikunja, akageuza kioo kuelekea dirishani ili mama asome mwenyewe. Kulikuwa na majina mawili, Singano Hoza na Singano Hoza, mmoja mzee na mwingine wa mwezi mmoja. Yule mama akanyoosha kidole, akaligusa la mwanawe. Nyuma yake alisimama baba wa mtoto, kijana mrefu mwenye kovu mguuni, la kidonda kile cha asubuhi ya mvua. Alinitambua. Alinipa shikamoo.

Niliitikia marahaba.

Wewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akuhifadhi na makosa yanayokuja na furaha. Akubariki uone kilichoandikwa na kisichoandikwa. Na siku ya kuitwa, akuite kwa jina lako, na asikuchanganye na mwingine. Amina.